Mpiga Ngoma wa Bati

Baba yangu alikuwa fundi baiskeli pale Ipuli, na kila nimsikiapo mtu akisema kwamba wasichana wa zamani hatukujua mashine, nataka kumpiga kwa pampu. Mimi nilijua kunyoosha rimu kabla sijajua kusuka mkeka. Mama alisikitika, bibi akasema sitapata mume, baba akanipa spana yangu mwenyewe nilale nayo chini ya mto. Mume nilipata, tena alikuja na baiskeli mbovu.

Nayasema haya mapema ili usije ukadhani kwamba mashine ninayotaka kuisimulia iliundwa na mwalimu. Mwalimu alileta neno tu. Neno lenyewe lilikuwa roboti.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, na kila shule ilitakiwa kuwa na mradi wa kujitegemea. Wengine walifuga kuku, wengine walilima tumbaku. Mwalimu wetu wa fizikia, mtu mwembamba ambaye miwani yake ilifungwa kwa uzi upande mmoja, hakutaka kuku wala tumbaku. Alikuwa amesoma mahali fulani habari za nchi za viwanda, na habari hizo zilikuwa zimemkaa kichwani kama jini.

"Roboti," alituambia darasani, "ni mtumishi asiyechoka, asiyelalamika, na asiyeomba ruhusa kwenda msibani."

Rafiki yangu, binti mrefu wa wafugaji wa Nzega, alinyoosha mkono. "Mwalimu, huyo si punda?"

"Punda hulalamika," alijibu mwalimu, na somo likaendelea.

Kwa hiyo mimi na huyo rafiki yangu tukatengeneza roboti. Tulichukua mota ya waipa kutoka kwenye Landrova iliyokufa nyuma ya karakana ya shule, cheni na meno ya baiskeli kutoka kwa baba, mipini miwili ya majembe ikawa mikono, na kichwa kikawa debe la mafuta ya taa. Kiwiliwili kilikuwa bati la paa tulilolikunja. Shingo tuliiwekea springi, kwa sababu springi ilikuwepo. Ukiwasha swichi iliyokuwa kifuani, mikono ilipanda na kushuka kwa zamu, wa kulia, wa kushoto, wa kulia, wa kushoto. Hiyo ndiyo kazi pekee iliyoijua, na aliifanya kwa moyo wote. Naam, nasema aliifanya, maana baada ya siku chache sote tulikuwa tunamwita "yeye".

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kugonga kengele ya shule, kile kipande cha reli kilichoning'inia nje ya ofisi. Siku ya kuonyeshwa, mtu fulani, si mimi, aliegemea swichi wakati mkuu wa shule akitoa hotuba kuhusu utii. Roboti akaanza kugonga. Mkuu akapaza sauti, roboti naye hakupunguza. Hotuba ikaisha pasipo mtu kuisikia, na mkuu akaamuru kwamba kitu kile kitafutiwe kazi vijijini kama vijana wengine wote.

Shule yetu ilikuwa na kijiji rafiki, kijiji cha ujamaa njia ya kwenda Usinge. Kila mara tulipelekwa huko kwa lori kusaidia kupalilia, kufyatua matofali na kula viazi vya watu. Kilikuwa kijiji kipya kilichofanywa kwa vitongoji viwili vilivyohamishwa kutoka porini na kuwekwa kando ya kijito, kimoja huku na kingine ng'ambo. Serikali iliwaunganisha kwa siku moja. Kijito kiliendelea kuwatenganisha kwa siku zilizobaki.

Kila kitongoji kilikuja na mbuzi wake, mizinga yake ya nyuki na manju wake. Manju kwa Wanyamwezi ndiye mkuu wa ngoma na nyimbo, na pale hapalimwi shamba la pamoja bila ngoma. Watu hujipanga mstari mmoja, majembe begani, manju huanza kupiga, na majembe yote hupanda na kushuka pamoja. Vijana hodari hurusha jembe hewani na kulidaka kabla ya pigo linalofuata. Manju huimba mstari, wakulima humrudishia. Na sheria ni moja ambayo hata mtoto wa kunyonya anaijua: ngoma ikilia, jembe halilali chini. Atakayeliweka chini ngoma ingali inalia, ataimbwa mpaka wajukuu wake waone aibu.

Sasa, kijiji kimoja hakiwezi kuwa na manju wawili. Mkutano uliamua kwamba ngoma kuu ya kijiji itakaa katika nyumba ya yule atakayeongoza kilimo cha kwanza cha msimu bila ngoma kukatika njiani. Yeye mwenyewe, au mtu wa nyumba yake. Ngoma ikikatika, inavuka kijito.

Manju wa upande wa huku ndiye aliyekuwa nayo. Alikuwa mtu wa majivuno, mwenye kofia ya manyoya ambayo hakuivua hata akioga, kwa maneno ya mkewe. Manju wa ng'ambo alikuwa mnene, mpole wa sura, mwenye kutabasamu sana, na alikuwa kaka wa huyo mke. Kwa hiyo mahasimu hawa walikuwa mashemeji, na mwanamke mmoja aliwapikia wote wawili na kuwasema wote wawili.

Mwaka huo, mvua za kwanza zikinukia, manju wetu alivunjika mkono. Alitaka watu waseme alianguka mtini akirina asali. Ukweli ni kwamba alipanda baiskeli, akaiachia mikono yote miwili, akapiga ngoma iliyoning'inia shingoni huku akipita mbele ya mlango wa shemeji yake ili amwone. Shemeji alimwona. Mbuzi hakumwona. Mkono wa kulia ukafungwa kwa vijiti na magome ya mti, na mganga wa mifupa akasema hautagusa ngoma mpaka mahindi yatoe mbelewele.

Wanawe wa kiume walikuwa mbali, mmoja jeshini na mwingine relini Kigoma. Katika nyumba yake hakukuwa na mtu mwingine wa kushika ngoma. Shemeji wa ng'ambo akaanza kufagia pembe ya nyumba yake ambapo ngoma ingekaa. Mkewe manju ndiye aliyetuletea habari hiyo, akicheka mpaka akashika ukuta.

Manju mwenyewe hakucheka. Alitusubiri pale lori lilipotuteremsha, akatuvuta kando mimi na rafiki yangu. Tukamwamkia, "Shikamoo, baba," akaitikia marahaba haraka haraka kama mtu anayemeza dawa.

"Wanangu," alisema, "nasikia mna mtu anayegonga."

"Tunaye, baba."

"Huchoka?"

"Hachoki."

Alitazama huku na huku. Macho yake yalikuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba chini ya ile kofia ya manyoya kulikuwa na mzee mwenye hofu. "Ngoma ile ilikuwa ya baba yangu," alisema. "Nimelala nayo chumba kimoja miaka mingi kuliko nilivyolala na mke wangu. Ikivuka kijito, mimi nitabaki nani? Nitabaki mtu aliyeangushwa na mbuzi."

Tungefanya nini? Tulimleta roboti kwa lori lililofuata, tukiwa tumemfunika turubai.

Mkutano wa kijiji ulikaa kumjadili. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu wa utaratibu, mwenye suti ya Kaunda yenye mifuko minne, na kila mfuko ulikuwa na kalamu. Alimzunguka roboti mara kadhaa.

"Swali la kwanza," alisema. "Huyu ni mkulima au mfanyakazi?"

"Labda ni bepari," alisema mtu wa ng'ambo.

"Bepari hafanyi kazi. Huyu tunaambiwa anafanya."

"Kwa jasho la nani?"

Mwalimu wetu alisimama kueleza habari za umeme, nguvu na mwendo. Alieleza vizuri sana. Watu walisinzia. Ndipo shemeji wa ng'ambo akainuka na tabasamu lake, akasema yeye hana neno na mashine, ila sheria ilitaja mtu wa nyumba yake, na bati si mtu wala halina nyumba.

Manju akasimama. "Huyu ni mtu wa nyumba yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Amelala kwangu."

"Mimi sijazaa bati," alisema mkewe kutoka upande wa wanawake, na mkutano ukacheka hadi mwenyekiti akagonga meza.

Hata hivyo hoja ilipita, kwa masharti. Roboti angekaa katika nyumba ya manju mpaka siku ya kulima, na angetendewa kama mtu wa nyumba. Kijiji kilichukulia sharti hilo kwa uzito zaidi kuliko tulivyotarajia. Kwenye ukuta wa ofisi ya chama kulikuwa kumeandikwa kwa rangi kwamba asiyefanya kazi na asile. Mkewe manju, ambaye ulimi wake ulikuwa kama wembe, alisema kwa mantiki hiyo hiyo afanyaye kazi lazima ale, na kila jioni akaweka mbele ya roboti sahani ya ugali na mlenda. Sisi tuliokuja kukaza nati zake tulimsaidia kumaliza. Sikumbuki wakati mwingine nilioshiba hivyo nikiwa mwanafunzi.

Watoto walipanga foleni mlangoni kumwamkia. "Shikamoo!" walisema, na kwa sababu ya ile springi shingoni, kichwa cha debe kiliinama polepole, kikainuka, kikainama tena. Watoto walipiga kelele na kukimbia, kisha walirudi kupanga foleni upya. Bibi mmoja kipofu aliambiwa kuna mgeni, akaja akamshika bega, akamwamkia kwa Kinyamwezi, "mwangaluka," akasubiri. Alipoona hajibiwi alituambia huyo kijana ni wa mjini, tusijisumbue naye.

Siku ya kulima ilifika. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wetu tulimpa vijiti vya ngoma. Tulimkalisha juu ya kichuguu kando ya shamba, ngoma kuu mbele yake, na nyuma yake tukaweka betri ya trekta la kijiji. Trekta lenyewe halikuwa na matairi, kwa hiyo betri yake haikuwa na kazi, na ilikuwa imetoka kuchajiwa gereji mjini kwa heshima ya siku hiyo. Manju alikaa juu ya kigoda karibu na roboti, kofia kichwani, mkono umefungwa kifuani, ili kila mtu aone kwamba anaongoza. Mimi nilisimama upande wa pili na kichupa cha mafuta ya cherehani. Rafiki yangu alikwenda kwenye mstari na jembe, kwa sababu ni mrefu na alipenda kuonekana.

Mwenyekiti alishika jembe naye. Alikusudia kulima mapigo matatu ya ufunguzi, kisha arudi kivulini kwenye kiti chake. Alinieleza hivyo yeye mwenyewe baadaye, kwa uchungu.

Manju akanipa ishara. Nikabonyeza swichi.

Ni lazima niseme hapa kwamba shuleni tulikuwa tumemjaribu roboti kwa betri kuukuu. Kwa betri ile kuukuu alipiga kama mzee anayetwanga mtama. Kwa betri ya trekta alipiga kama mtu aliyeona simba. Mstari mzima ulishtuka, kisha ukaruka kufuata. Majembe yalipanda, yalishuka, udongo ukaruka, na kelele ya furaha ikatoka kwa watu wale ambayo bado naisikia. Walikuwa hawajawahi kulima hivyo. Vijana walirusha majembe na kuyadaka. Wanawake walipiga vigelegele bila kupunguza mwendo. Manju alisimama juu ya kigoda akaimba kwa sauti yake kubwa, na watu wote, wa huku na wa ng'ambo, walimrudishia. Nilimwona shemeji yake katikati ya mstari akilima na kutabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limeanza kupauka.

Nilijivuna sana. Mwalimu alikuwa kivulini akifuta miwani, machozi yanamtoka. "Roboti anamtumikia mkulima," alirudia rudia. "Mkulima wa Kitanzania."

Shamba lililotegemewa kuchukua siku nzima lilikwisha jua likiwa bado halijaumiza utosi. Mstari ulifika mpakani. Nikamgeukia manju.

"Baba, nizime?"

"Uzime nini?"

"Mashine. Shamba limekwisha."

Aliniangalia kana kwamba nimemtukana mama yake. "Ngoma haizimwi, binti. Ngoma hufungwa."

"Basi ifungwe."

"Haya, mwambie huyu mwenzako wa bati afunge."

Ndipo nilipojifunza kitu ambacho kila mtu pale alikijua tangu tumboni, na kwa sababu hiyo hakuna aliyefikiria kutuambia. Kilimo hakimalizwi kwa ngoma kunyamaza. Humalizwa kwa mpigo wa kufunga: mikono miwili inakimbizana juu ya ngozi, haraka, haraka zaidi, kisha pigo moja zito. Hapo ndipo majembe hulala. Ngoma ikinyamaza bila mpigo huo, hiyo si kufunga, hiyo ni kukatika. Na ngoma ikikatika, inavuka kijito.

"Mlimfundisha kuanza," alisema manju polepole, "hamkumfundisha kumaliza?"

"Hukutuambia, baba!"

"Nani duniani hajui kwamba ngoma hufungwa?"

Sisi hatukujua. Roboti naye hakujua. Yeye alikuwa anapiga tu, wa kulia, wa kushoto, kichwa chake kikiinama na kuinuka kana kwamba anakubaliana na kila jambo.

Mstari haukuweza kusimama, basi ukavuka mpaka. Ulilima kipande cha majani kilichoachwa kwa ajili ya mbuzi. Kisha ulilima uwanja wa mpira. Watu walizunguka milingoti ya goli kwa adabu, wakaacha tu kiduara cha nyasi mbele ya kipa. Kisha walifika kwenye njia ya zamani ya misafara, ile ambayo wapagazi waliikanyaga kwenda Ujiji na kurudi, vizazi na vizazi, hadi ikawa ngumu kama sakafu. Wakailima. Njia ambayo babu zao waliitengeneza kwa nyayo, wao waliigeuza matuta kabla ya chakula cha mchana.

"Mume wangu!" mkewe aliita kutoka kwenye mstari, akihema. "Huyo mwanao hachoki! Mwambie ngoma ikilia sana hupasuka!"

Mwenyekiti hakuwa na kalamu hata moja mifukoni. Zote zilikuwa zimefukiwa njiani. "Ndugu zangu," alikuwa anapiga kelele, "tusielekee ofisi ya chama! Ofisi ya chama hailimwi!" Lakini mikono yake mwenyewe ilikuwa inalima kuelekea ofisi ya chama, na bustani ya maua ya mbele ilikuwa imeanza kuliwa upande mmoja. Rafiki yangu nilimwona kwa mbali, amepauka kwa vumbi kama mzuka. Alinitupia jicho, na urafiki wetu ulichukua muda kupona.

Nilikuwa na kidole juu ya swichi. Nilihitaji kubonyeza tu. Watu wangepumzika, na mzee yule angepoteza ngoma ya baba yake mbele ya kijiji kizima kwa kidole cha msichana wa Ipuli. Nilimtazama. Alikuwa ameketi tena. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unajaribu mpigo wa kufunga juu ya goti, peke yake, unaanza vizuri, unafika pale ambapo mkono wa pili unatakiwa kuitikia, unakwama. Unaanza tena. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika, nimkasirikie nani sijui, labda mbuzi.

"Nizime, baba?" niliuliza tena, taratibu.

Alikuwa anamtazama shemeji yake. Shemeji alikuwa amelowa jasho, tumbo linatikisika kila jembe linaposhuka, na tabasamu lilikuwa limemtoka kabisa. Ila hakuwa mjinga. Hakuhitaji kufanya chochote. Alihitaji kuvumilia kidogo tu, mtu yeyote abonyeze, na ngoma ingekuwa yake.

Manju alivua kofia ya manyoya. Nywele zake zilikuwa nyeupe. Akasimama juu ya kigoda na kuimba, kwa ile sauti iliyozoea kufika mwisho wa shamba:

"Shemeji ee, nimebaki na mkono mmoja!"

Na kwa sababu manju akiimba mstari wakulima humrudishia, kijiji kizima, wake kwa waume, wa huku na wa ng'ambo, pamoja na mwenyekiti, kiliitika kwa pumzi ya mwisho:

"Nimebaki na mkono mmoja!"

Walipotambua walichokiimba, vicheko vikapita kwenye mstari, vingine vilivyofanana na kilio. Shemeji alitoka kwenye mstari. Lakini ngoma ilikuwa inalia, na jembe halilali, kwa hiyo alikuja kwetu akilima. Alilima kutoka bustani ya chama, akalima kuvuka uwanja wa mpira kwa tuta moja lililopinda kama mkia wa chatu, akapanda kichuguu akilima, udongo ukitupigapiga miguuni. Alipofika alimtafuta mtu wa kumpokea jembe. Mwalimu wa fizikia ndiye aliyekuwa karibu. Alikabidhiwa, akaanza kulima palepale aliposimama, miwani ikining'inia kwa uzi.

Mashemeji walitazamana. Roboti alipiga katikati yao bila kuwajali.

"Unaniitia nini?" alisema shemeji, akihema. "Ukinyamaza ngoma ni yangu."

"Najua."

"Watu wako wanakufa."

"Ni wako pia," alisema manju. "Shika, umalize. Wewe una mikono yote. Nitasema ulifunga wewe, na ngoma uende nayo."

Alishuka kigodani, akaiweka kofia juu yake. Shemeji alinyoosha mkono wake wa kulia juu ya ngoma, chini ya mipini ya roboti. Kisha mkono wa kushoto akaupeleka nyuma, akauchomeka kwenye mkanda wa suruali.

"Hata mimi leo nimekuja na mmoja tu," alisema.

Wakaanza. Ilibidi waingize mikono katikati ya ile mipini, na roboti hakuwa na adabu. Alimgonga shemeji vidole, akamgonga manju, wote wawili wakasema maneno ambayo sitayaandika. Mwanzo walipishana. Mkono wa kushoto wa mmoja na wa kulia wa mwenzake, ngoma ilikwaruza na kusita, na nilidhani tumekwisha. Halafu ikashika. Mikono ikaanza kukimbizana kweli, haraka, haraka zaidi, na kutoka mbali nikaona majembe yakipunguza mwendo, watu wakiinua vichwa. Nikabonyeza swichi. Mipini ya roboti ikasimama hewani, na ile mikono miwili ikaendelea bila hata pengo la pumzi. Walitazamana usoni, si kwenye ngoma, kwa sababu lile pigo la mwisho lilipaswa kuwa moja.

Likawa moja.

Majembe yote yakalala. Watu nao wakalala, palipo na tuta na pasipo na tuta. Mwalimu alikaa chini na jembe mapajani, akasema roboti anahitaji marekebisho. Nilikuwa nalia waziwazi, na sikujali nani ananiona.

Mwenyekiti, akiwa chali kwenye bustani ya chama, ndiye aliyekumbuka utaratibu. Aliuliza kwa sauti ya chinichini, watu wakapokezana swali lake mpaka likafika kichuguuni: sasa ngoma ilale upande gani?

Manju aliokota kofia yake, akaishika kifuani, juu ya mkono uliovunjika.

"Ilale kwake," alisema shemeji, mkono wake wa kushoto ukiwa bado mgongoni. "Yeye ndiye aliyeniita."